Anza na daftari la boti: namna ya kupanga teknolojia ya jukwaa la gesi lisilo na mtu

Kamera ya kwanza niliyoipigania mpaka ikanunuliwa ilikaa siku kumi na moja, ikapofuka. Haikuharibika. Minandi, wale ndege weusi wa shingo ndefu waliojaa Ghuba, walikipenda kibati nilichokifunga juu yake kuikinga na jua, wakakifanya choo. Kioo kikawa kama kimepakwa chokaa. Ikabidi boti itoke bandarini, saa mbili na nusu kwenda na saa mbili na nusu kurudi, watu watano ndani, ili mmoja wao akafute kioo kwa kitambaa. Mwezi uliofuata ikatoka tena. Kabla ya kamera, jukwaa lile lilikuwa likitembelewa mara mbili kwa mwezi. Baada ya kamera, mara tatu. Na kwenye maombi yangu nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba kamera "itapunguza safari".

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa vipimo na udhibiti, na miaka kumi na tisa nimeimaliza kwenye majukwaa madogo ya visima huko Ghuba. Miguu minne, sakafu mbili au tatu, visima sita mpaka tisa. Hakuna kitanda, hakuna jiko, hakuna mtu. Gesi inatoka kisimani, inashuka kwenye bomba la chini ya bahari, na anayefungua na kufunga vali amekaa kwenye kiti nchi kavu, kikombe cha chai pembeni. Vijana wa nyumbani, hasa walioko Mtwara na Kilwa, wananiuliza mpango wa teknolojia wa mahali kama pale unaandikwaje. Ninaandika hapa ninavyoufanya sasa. Nilivyokuwa nikiufanya zamani mmeshausikia.

Daftari kwanza, katalogi baadaye

Usifungue katalogi ya muuzaji yeyote. Omba daftari la safari za boti la miaka miwili. Kama jukwaa ni jipya, omba la jukwaa jirani linalofanana nalo. Kaa na nahodha, kaa na mtu wa zamu, na kwa kila safari andikeni sababu moja iliyoitoa boti bandarini. Neno "matengenezo" usilikubali, halina maana. Andika "kujaza dawa ya kuzuia kutu", "kuzima na kuwasha upya kompyuta", "kusoma geji".

Daftari la mwisho nililolichambua lilikuwa na safari 41. Tisa za kujaza dawa ya kuzuia kutu. Nane za kurudisha visima vilivyojifunga kwa kengele ya uongo. Saba za kusoma geji za presha ambazo hazikuwa na waya wa kupeleka habari popote. Sita za betri na sola. Tano za kujaribu vali za dharura. Sita zilizobaki zilikuwa mchanganyiko, na mbili kati ya hizo ni wavuvi waliofunga mashua kwenye mguu wa jukwaa.

Sasa tazama. Dawa ya kutu ndiyo iliyokula safari nyingi kuliko yote, na dawa yake ilikuwa tangi kubwa zaidi. Basi. Tangi si kitu cha kujivunia mkutanoni, hakuna atakayekupigia makofi kwa slaidi ya tangi, lakini lilifuta safari sita kati ya tisa. Geji zikabadilishwa kuwa sensa zenye waya: safari saba zikaisha. Vali za dharura tukaziwekea kifaa cha kuzisogeza kidogo kutoka nchi kavu, sehemu ya kumi hivi ya mwendo wake, kuona kama zimekwama, bila kuzuia gesi kupita. Bado lazima mtu aende kuzifunga zote kabisa kwa ratiba, lakini si mara tano. Kengele za uongo tulizitibu kwa kuweka sensa tatu mahali palipokuwa na moja na kutaka mbili zikubaliane kabla kisima hakijafungwa.

Ukimaliza hapo, chora jedwali. Kila kifaa unachotaka kukiongeza kipewe safu mbili: safari kinazofuta, na safari kinazoleta. Safu ya pili ndiyo wauzaji wasiyoipenda. Kitambuzi cha gesi cha aina ya zamani, kinachochoma gesi kwenye ushanga mdogo wa moto, huchoka na kutiwa sumu na kemikali, na kinataka kupimwa mara kwa mara kwa gesi ya chupa. Cha miali ya infraredi ni ghali zaidi lakini hujikagua chenyewe. Dukani cha kwanza ni rahisi. Kwenye jedwali langu cha kwanza kinaondolewa, kwa sababu kila kupimwa ni boti.

Wanorwei walilielewa hili kabla yetu wengi. Jukwaa la Oseberg H, lililoanza kazi Oktoba 2018, halina uwanja wa helikopta, halina vyumba vya kulala, halina boti za kujiokolea, na lilipangwa litembelewe mara moja au mbili tu kwa mwaka, watu wakivuka kwa daraja linalotoka kwenye meli. Ukilitazama picha unadhani halijamalizika kujengwa. Walifika kwenye ziara moja au mbili kwa kutoa vitu, maana kila kitu kilichopo ni kitu kitakachoharibika.

Ikifa, ife imefunga

Hapa sina utani. Ndani ya kisima, chini ya sakafu ya bahari, kuna vali inayoshikiliwa wazi na presha ya mafuta ya haidroliki inayoshuka kwenye kibomba chembamba. Presha ikipotea kwa sababu yoyote, springi inaifunga. Haiulizi mtu, haihitaji umeme, haihitaji redio. Kila kitu kinachozuia gesi kwenye mpango wako kiwe na tabia hiyo hiyo. Ukiona mahali popote umeandika "opereta atafunga", rudi nyuma uandike upya.

Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha liliungua katika Bahari ya Kaskazini, watu 167 wakafa. Majukwaa jirani yaliyounganishwa nalo kwa mabomba, Tartan na Claymore, yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku moto ukiwaka. Kwa hiyo unapopanga jukwaa lako, usilipange peke yake. Chora mabomba yote yanayoingia na kutoka, na kwa kila jirani andika: nikifunga mimi, yeye anajifunga baada ya muda gani, na kwa waya upi?

Swali litakaloleta ubishi ni hili: mawasiliano yakikatika, jukwaa lifanye nini? Wengine husema lijifunge papo hapo. Ukikubali, kila redio ikipepesa unapoteza uzalishaji na unatuma boti. Mimi hujiuliza kitu kimoja: kuna ulinzi wowote wa jukwaa hili unaokaa nchi kavu? Kama ulinzi wote uko palepale jukwaani, naliacha liendelee saa kadhaa, halafu lijifunge lenyewe. Kama kuna kinachotegemea nchi kavu, mfano kompyuta inayotafuta uvujaji wa bomba kwa kulinganisha presha za ncha mbili, saa zinakuwa dakika. Liandikwe kwa tarakimu na mwenye dhamana atie saini.

Halafu panga sababu za kujifunga katika vikapu vitatu. Zipo ambazo mtu wa zamu anaweza kurudisha kisima akiwa kitini, kama umeme uliokatika ukarudi. Zipo anazoweza kurudisha baada ya kutazama kamera na kulinganisha sensa. Na zipo ambazo hazirudishwi mpaka mguu wa binadamu ukanyage pale: moto, gesi iliyothibitishwa, kitufe cha dharura kilichobonyezwa. Kikapu cha tatu kitakuuma, maana ndicho chenye boti. Usikipunguze kwa sababu hiyo.

Kitu kidogo hapa, ila kimewahi kunitoa jasho. Sensa ya presha hupeleka habari kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 mpaka 20. Nne maana yake presha ni sifuri, ishirini maana yake imefika mwisho wa kipimo. Kwa nini isianze sifuri? Kwa sababu waya uliokatika unatoa miliampea sifuri, na waliobuni walitaka utofautishe "hakuna presha" na "hakuna waya". Sasa kuna mkandarasi mmoja aliyetuwekea skrini akaona vinamba hasi vinaonekana vibaya, akaamuru chochote chini ya 4 kionyeshwe kama 0. Mtu wa zamu akaona 0 kwenye kisima namba tano, akaamini kimetulia, akawaruhusu mafundi wafungue kipande cha bomba. Fundi mmoja mwenye umri wa baba yangu akasema ngoja kwanza, akafungua kivali kidogo cha kutolea hewa. Kilipiga mluzi uliosikika mpaka kwenye boti. Tangu siku hiyo, kwenye kila mpango wangu kuna mstari usemao: chini ya miliampea 3.6 skrini iandike HITILAFU, isiandike namba.

Umeme: piga hesabu kwa mwezi mbaya

Watu wengi hapa hukosea kwa sababu wanahesabu jua la siku nzuri. Chukua jukwaa linalokula wati 400 mfululizo: kompyuta, redio, sensa, pampu ndogo ya haidroliki ukiigawa kwa wastani. Wati 400 mara saa 24 ni kilowati-saa 9.6 kwa siku. Kwenye mfumo wa volti 48 hiyo ni ampea-saa 200 kwa siku. Nataka siku tano bila jua: 1,000. Betri siimalizi yote, naishusha asilimia 80 tu: 1,250. Betri inazeeka, kwa hiyo naongeza robo: karibu 1,560. Hiyo ndiyo betri. Paneli sasa. Mwezi mbaya nachukua saa nne za jua kamili, na nakubali kwamba vumbi, joto, nyaya na ndege vitakula asilimia 40. 9.6 gawa kwa 4, gawa kwa 0.6, napata kilowati 4.

Ukifika hapo utaona kamera ya wati 30 si kamera tu. Ni paneli na betri na chuma cha kuzishikilia, na chuma kinataka rangi, na rangi inataka boti.

Joto ndilo adui wa betri. Betri za risasi zilizozibwa hupoteza karibu nusu ya umri wake kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya kiwango chake. Kwenye kisanduku cha chuma Agosti, Ghuba, betri iliyoandikwa miaka kumi haiioni miaka mitatu. Tulihamia nikeli-kadimi kwa sababu hiyo, tukaviweka visanduku kivulini upande wa kaskazini vikiwa na matundu. Paneli tuliziinamisha zaidi ya pembe ya vitabuni. Jua tunapoteza kidogo, kinyesi kinateleza. Na juu ya ukingo tuliweka waya mwembamba uliokazwa, ndege hapati pa kushika.

Mawasiliano na mazigazi

Kanuni ya kuanzia redio: umbali kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Antena ya jukwaa mita 30, ya nchi kavu mita 60: 5.5 jumlisha 7.7, mara 4.12, unapata kama kilomita 54. Usiitumie yote.

Halafu kuna jambo ambalo kanuni haisemi. Alasiri za kiangazi Ghuba, hewa iliyo juu tu ya maji hupinda mawimbi kama inavyopinda mwanga. Umeona mazigazi, meli inaelea angani? Redio nayo inaona mazigazi. Ishara moja inakuja moja kwa moja, nyingine inaruka juu ya maji, zinakutana kwenye antena na kuuana. Kila siku saa kumi jioni jukwaa letu moja lilikuwa likipotea dakika ishirini, likarudi. Tulibadilisha redio mara mbili bure. Kilichoponya ni antena ya pili kwenye mlingoti uleule, mita kadhaa chini ya ya kwanza: ishara ikifa kwenye moja, kwa kawaida inakuwa hai kwenye nyingine.

Njia ya akiba iwe ya aina nyingine kabisa, si redio ya pili kwenye betri ileile. Setilaiti inatosha. Ila kumbuka ile ya mzunguko wa juu iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na swali likienda na jibu likirudi ni kama nusu sekunde na zaidi kidogo. Kufungua vali haina neno. Lakini kama kompyuta ya nchi kavu imepangwa kusubiri jibu milisekunde 500, itatangaza jukwaa limekufa nalo liko hai linajibu. Rekebisha muda wa kusubiri kabla ya siku ya dhoruba. Pia kompyuta ya jukwaani iwe inahifadhi vipimo na saa yake sahihi wakati njia imekatika, ivitume baadaye, la sivyo utachunguza ajali ukiwa na pengo mahali penyewe.

Ukibahatika kuwa na mkongo wa faiba, mshukuru Mungu na uruke sehemu hii. Martin Linge kule Norwei, ambalo lina watu na ni kubwa, lilianza kuzalisha tarehe 30 Juni 2021 likiongozwa kutoka nchi kavu, Stavanger. Huwezi kufanya hivyo kwa redio ya mazigazi.

Mtu aliye kitini

Vijana hupanga vifaa wakamsahau yeye. Mtu mmoja ataongoza majukwaa manane. Mwongozo wa kengele uitwao EEMUA 191, ambao sekta nzima huutumia, unasema kengele moja kwa kila dakika kumi ndicho kiwango cha kubebeka. Mlipuko wa kiwanda cha kusafishia mafuta Milford Haven, Wales, Julai 1994, ulitanguliwa na kengele 275 katika dakika 10.7 za mwisho, na watu wawili tu wa kuzishughulikia. Basi kila kengele unayoiandika, andika pembeni yake mtu afanye nini ikilia. Ukikosa cha kuandika, hiyo si kengele, ni habari. Ipeleke kwenye ripoti ya asubuhi.

Kuhusu wadukuzi nitasema machache. Mwaka 2017 kiwanda cha petrokemikali Saudia kiliingiliwa, na walioingia walilenga mfumo wenyewe wa usalama, ule wa kufunga. Swichi ya ufunguo kwenye kidhibiti ilikuwa imeachwa kwenye hali ya kupanga upya badala ya hali ya kazi. Kwenye jukwaa lisilo na mtu, nani atauona ufunguo umeachwa? Kwa hiyo nafasi ya ufunguo iwe ni ishara inayoonekana nchi kavu, ikibadilika ilie. Na njia ya muuzaji kuingia kutoka kwao iwe imefungwa, ifunguliwe kwa simu, ijifunge yenyewe baada ya saa zilizokubaliwa.

Roboti na ndege nyuki ni nzuri kwa kupiga picha kutu chini ya sakafu. Ziletwe na boti, ziondoke na boti.

Na kamera? Niliirudisha. Safari hii niliifunga chini ya sakafu ya juu, ikitazama mahali boti inapofikia, bila kibati, maana sakafu yenyewe ni kivuli na mnandi hatui kichwa chini. Wavuvi tunawaona wanapofunga kamba, na mtu wa zamu anawaita kwa kipaza sauti. Hatuwalaumu, samaki wamejaa kwenye ile miguu. Taa ya mabaharia, ile nyeupe inayomulika herufi U ya Morse, tuliipa betri yake pekee: hata jukwaa lizimike lote, mtu asiligonge usiku.

Kabla hujapakia chochote kwenye meli, funga mfumo mzima uani, juani, na uishi nao wiki mbili. Zima umeme siku ya kwanza bila kumwambia mtu. Chomoa antena. Kata waya wa sensa mmoja kwa koleo. Hitilafu utakayoikuta uani utaitibu kwa baiskeli.

Mpango ukikamilika, mpelekee nahodha asome ratiba ya ziara. Wetu alikuwa Mwomani wa Sur, mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kimenizidi. Nilimpa karatasi tukiwa gatini. "Shikamoo mzee, nitazamie hii." Akaipitia kwa kidole mpaka alipofika "Februari: kubadilisha betri, kilo 900, siku mbili". Akaomba kalamu.

"Mwanangu, Februari kuna upepo wa shamali. Kilo mia tisa utazipandisha na nani, na malaika?"

Akakata Februari, akaandika Aprili, akanirudishia karatasi na kalamu.